Sera ya elimu haipikwi wizarani pekee

Wengi hudhani sera ya elimu hupikwa wizarani, shule na magazeti yakabaki kupokea tu. Sivyo. Februari 2013, matokeo ya kidato cha nne Tanzania yalipotoka, takriban asilimia 60 ya watahiniwa walikuwa na daraja sifuri, yaani wamefeli. Vyombo vya habari havikunyamaza. Waziri Mkuu Pinda akaunda tume, na Mei serikali ikayafuta matokeo yale na kuyapanga upya. Ila kelele hizo huchagua: sifuri huuza gazeti, choo kibovu hakiuzi. Mkuu wa shule naye anashika mpini kimyakimya. Waraka ukishafika mezani kwake, ndiye anayepanga nani afundishe hesabu kidato cha kwanza, na ruzuku ikichelewa, nini kisubiri.