Anga la Pemba Si Lile la Mchoro wa Darasani: Dhana Potofu na Ukweli

Mchoro wa matabaka ya angahewa unaobandikwa kwenye kuta za madarasa, na siku hizi unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, huwa ule ule: mistari mitano iliyonyooka, kila tabaka na rangi yake, na ndege ikikatiza juu ya mstari wa kwanza. Aliyeuchora hakuwa na nia mbaya, ila kipimo chake kilichukuliwa mbali na Zanzibar, na watoto wetu wanaukariri wakidhani ndilo anga lililo juu ya vichwa vyao. Anga la Unguja na Pemba lina tabia zake, na ni haki yao kuzijua.

Dhana: Matabaka yametengana kama ghorofa za jumba.

Huko juu hakuna dari wala sakafu. Kutoka usawa wa bahari hadi kilomita 80 na ushei, hewa kavu ni mchanganyiko ule ule: naitrojeni asilimia 78, oksijeni 21, argoni karibu 1, na nyingine kidogo kidogo. Hata kileleni Kilimanjaro, mita 5,895, oksijeni ni asilimia 21 vile vile. Kinachomtaabisha mpandaji ni kwamba hewa yenyewe imepungua; mgandamizo wake ni kama nusu ya ule wa pwani.

Matabaka yanagawanywa na joto. Katika troposfia, tunamoishi, kadiri unavyopanda ndivyo baridi inavyozidi. Ukiingia stratosfia mambo yanageuka, joto linapanda, maana gesi ya ozoni inanyonya mionzi ya jua. Mesosfia, kuanzia kilomita 50 hivi, inarudi kwenye baridi, na themosfia, kuanzia 85 hivi, inapanda tena. Eksosfia ndiyo ukingo, ambako chembe za hewa zinatoroka moja moja.

Dhana: Troposfia inaishia kilomita 11 au 12, popote ulipo.

Hii ndiyo ninayotamani ifutwe kwanza. Mwaka 1902, Mfaransa Léon Teisserenc de Bort, aliyekuwa akirusha mabaluni yenye vipimajoto karibu na Paris, alitangaza kwamba kupita kilomita 11 hivi baridi inaacha kuongezeka. Alipima sawasawa, lakini alipima anga la Ufaransa. Juu yetu sisi, digrii 5 na 6 tu kusini mwa ikweta, troposfia inafika kilomita 16 hadi 17, wakati kwenye ncha za dunia ni 8 au 9. Jua la utosi linapasha bahari moto, hewa yenye mvuke inapanda kwa nguvu, na tabaka zima linatuna.

Ukitaka kulishuhudia, keti Wete au Mkoani alasiri moja mwanzoni mwa masika, utazame upande wa bara. Tafuta wingu la radi linalokua. Mwanzo linafura kwenda juu, kichwa chake kimejaa mafundo meupe yenye kingo kali, na kila ukigeuza uso unalikuta limeongezeka. Likikomaa kweli, kichwa kinagota. Mafundo yanalainika, juu panakuwa bapa, na wingu linaanza kutandaa kwa upande, nyuzi nyuzi, likielekea unakovuma upepo wa juu. Limekutana na hewa ya stratosfia iliyo na joto kuliko yake, na kupanda zaidi haliwezi. Pale penye ubapa ndipo troposfia inapoishia, na mwanafunzi anaweza kupaona kwa macho yake bila chombo chochote.

Urefu huo una matokeo yake. Ndege kubwa zinazoruka kilomita 10 hadi 12 juu, zikiwa juu ya visiwa vyetu bado zimo ndani ya troposfia, na mawingu ya radi yanaweza kuzizidi kimo; ndiyo maana marubani huyazunguka. Ndege hiyo hiyo ikiwa karibu na ncha ya kaskazini, kwa kimo kile kile, huwa imekwisha kuingia stratosfia. Na kuna lingine ambalo wengi hawaliamini wakiambiwa: mwisho wa troposfia juu ya ikweta una baridi kali kuliko juu ya ncha za dunia, nyuzijoto 80 hivi chini ya sifuri. Joto hushuka kwa wastani nyuzijoto 6.5 kila kilomita, na kwetu kilomita za kupanda ni nyingi.

Dhana: Fukuto la kaskazi ni hewa nzito.

Mwili unasema hivyo, mizani inakataa. Molekuli ya maji ina uzito wa 18, ya naitrojeni 28, ya oksijeni 32. Mvuke ukiingia hewani unachukua nafasi ya vilivyo vizito, kwa hiyo hewa yenye unyevunyevu ni nyepesi kuliko kavu. Tunahisi uzito kwa sababu jasho halikauki.

Dhana: Tundu la ozoni ndilo linalotuzidishia joto.

Haya ni mambo mawili mbalimbali. Tundu liko juu ya Antaktika, hupanuka zaidi Septemba na Oktoba, na lilitangazwa mwaka 1985. Itifaki ya Montreal ya 1987 imezibana kemikali zilizolisababisha, na ozoni inaanza kurejea. Joto linatokana na gesi zinazolizuia lisitoke, hasa hewa ukaa, iliyokuwa sehemu 280 hivi katika kila milioni kabla ya viwanda na sasa imepita 420. Inaipasha troposfia moto, huku stratosfia ikipoa.

Lakini asije mtu akasema ozoni haituhusu. Hata bila tundu lolote, ozoni juu ya ikweta ni chache kuliko iliyo juu ya Ulaya, na jua letu linasimama utosini, hivyo mionzi ya urujuanimno inatufikia kwa ukali mwaka mzima. Wanawake wa mwani wa Paje na Jambiani hushinda ufukweni juani, maji yakiwa yametoka. Kwa mwenye ualbino, jua hilo hilo ni hatari ya saratani ya ngozi, na kofia pana na mikono mirefu ni kinga ya kweli. Ningependa hili lifundishwe kabla ya habari za Antaktika.

Dhana: Matabaka ya angahewa ndiyo mbingu saba.

Najua wanaoisambaza wanasukumwa na mapenzi ya dini, na hayo nayaheshimu. Ila ile saba wanaipata kwa kuhesabu ozoni na ayonosfia (hewa ya juu yenye chembe za umeme) kando, ilhali sehemu kubwa ya ozoni imo ndani ya stratosfia, na ayonosfia imepandana na mesosfia na themosfia. Tena Kurani yenyewe, katika Surat al-Mulk, inasema mbingu ya karibu imepambwa kwa taa, na nyota ziko mbali mno kupita eksosfia. Sioni haja ya kuzibana mbingu saba ndani ya mchoro wa jiografia.

Dhana: Wanaanga huelea kwa sababu huko hakuna hewa wala mvutano.

Kilomita 100, panapohesabiwa kuwa mwanzo wa anga za juu, ni mpaka wa kuhesabia tu. Hewa haikatiki hapo. Kituo cha Kimataifa cha Anga, ambacho jioni nyingine baada ya magharibi huonekana Unguja kikikatiza kwa mwanga mkali, kiko kilomita 400 hivi juu, ndani ya themosfia, na mvutano wa dunia pale ni karibu asilimia 90 ya huu wa kwetu. Wanaanga huelea kwa kuwa wao na kituo wanaanguka pamoja wakiizunguka dunia, kwa mwendo wa kilomita 28,000 hivi kwa saa. Na ile hewa chache iliyobaki inakikwamisha kituo, kinashuka kidogo kidogo, hadi mara kadhaa kwa mwaka injini ziwashwe kukirudisha juu.