Nilisomea Moto, Si Vyungu

Shangazi yangu wa Kayole akimaliza kupika huyamwagia makaa maji ili yasiishe bure. Baada ya wiki kadhaa ananipigia simu: "Mhandisi, jiko limepasuka tena. Siku hizi wanatumia udongo gani?" Mimi ni mhandisi wa kauri (ceramics), lakini kwake ni mfinyanzi aliyeenda kusomea vyungu India kwa pesa za harambee. Nami humjibu vilevile kila mara: shangazi, udongo hauna kosa, kosa ni la yale maji.

Jiko hilo la bati lenye udongo ndani lilianza kutengenezwa hapa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa kuiga jiko la ndoo la Thailand, na mafundi wa jua kali wakalisambaza hadi likawa la kila nyumba. Tazama kinachotokea maji yakimwagwa. Uso wa ndani unapoa ghafla na kutaka kusinyaa, ilhali udongo ulio nyuma yake bado ni wa moto na umetanuka. Uso unavutwa huku na huku. Chuma kingenyooka kidogo kikatulia, lakini udongo uliochomwa hauwezi kunyooka. Unavumilia kubanwa kuliko kuvutwa, tena kwa mbali sana, kwa hiyo ufa unaanzia kwenye kitundu au punje ya mchanga usiyoiona na kukimbia. Ukilielewa hilo, umeshaonja sehemu kubwa ya masomo yangu ya miaka minne.

Uhandisi wa kauri hushughulika na vitu ambavyo si metali wala plastiki, na ambavyo vingi hupata uhai wao motoni: vigae, sinki na choo, matofali ya kuhimili moto, kioo, saruji, vile vikombe vya kahawia vinavyoshikilia nyaya juu ya nguzo za umeme, sehemu nyeupe ya plagi ya gari, hata jino la bandia la zirkonia. Ndani ya simu unayosomea haya kuna mamia ya vipande vidogo vya kauri vinavyohifadhi chaji. Darasani ni kemia, fizikia na hesabu nyingi, halafu unajifunza kusaga, kuumba, kukausha na kuchoma. Kukausha huonekana jambo dogo. Si dogo: bidhaa nyingi huharibika pale kabla hata hazijauona moto.

Somo lililonikaa zaidi sikulipata chuoni Varanasi, kule India. Nilikuwa mwanagenzi kwenye kiwanda cha vigae, jina lake nitaliacha, na asubuhi moja vigae vikaanza kutoka tanurini vimepasuka. Msimamizi alikuwa ameshampigia simu mwuza udongo na kumtolea maneno. Mzee mmoja wa tanuri akaokota kigae, akapitisha ukucha juu ya ufa, akasema, "Huu umepasuka ukipoa." Kingo zilikuwa kali kama wembe. Kama ufa ungetokea mwanzoni, glezi, lile tabaka la kioo linalong'arisha kigae, ingeyeyuka na kuingia ndani yake, kingo zikawa laini. Tulikuta feni ya kupozea imefunguliwa kupita kiasi pale ambapo kigae hupita nyuzi 573 za Selsiasi. Kwenye joto hilo fuwele za kwatzi, madini ya mchanga yaliyomo ndani ya kigae, hubadili umbo na kusinyaa kwa ghafla, na sehemu moja ya kigae ikitangulia nyingine, basi. Tanuri la vigae humaliza safari nzima, kupanda hadi karibu nyuzi 1,200 na kushuka, kwa muda usiofika saa moja. Hakuna nafasi ya kubahatisha.

Sasa kazi. Ukitafuta tangazo Nairobi linaloandika "mhandisi wa kauri" utazeeka ukitafuta. Kazi zipo, ila zina majina mengine: uzalishaji, ubora, matengenezo ya tanuri. Panda matatu ya Athi River. Kule kuna vigae, na kuna saruji, ambayo klinka yake, yale mabonge yanayosagwa kuwa saruji, huchomwa kwa takriban nyuzi 1,450. Ganda la tanuri lile ni chuma, na chuma hakiwezi kusimama mbele ya moto huo bila matofali ndani. Tofali moja likidondoka, ganda linaiva na kuwa jekundu kwa nje, tanuri linasimamishwa, na kila siku linapolala ni hasara. Anayejua kuchagua matofali na kusoma kwa nini yamelika hakosi mlo. Viwanda vya kuyeyusha vyuma chakavu navyo huhitaji kupigiwa upya tabaka la silika (madini ya mchanga) ndani ya tanuri kila mara. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye pesa, ingawa vijana wote hunijia wakiuliza habari za vyombo vya anga.

Mtoto wako akiniuliza asome wapi, simpeleki nje moja kwa moja. Asome uhandisi wa mitambo au wa kemikali hapa nyumbani, halafu shahada ya pili iwe ya kauri. Shahada yenyewe ipo kwenye vyuo vya IIT (BHU) Varanasi na NIT Rourkela kule India, na Marekani kuna Alfred University na Missouri S&T. Akitaka kuanzia huko kama mimi, aiulize kwanza Bodi ya Wahandisi ya Kenya kama shahada hiyo itatambuliwa, kabla ya harambee, si baada yake.

Na akipata kiwanda cha kujifunzia, anunue barakoa yake mwenyewe ya kuzuia vumbi laini. Vumbi la silika hupenya barakoa ya kitambaa kwa urahisi, na likishakaa mapafuni halitoki.