Nota inayosikika kama kosa

Kila ninapofundisha Desafinado, wimbo wa Kibrazili, kwenye gitaa, mwanafunzi hukwama mahali palepale. Anapiga, anakunja uso, anarudia, kisha ananiuliza: "Mwalimu, hapa si nimekosea?" Hajakosea. Ndivyo ulivyotungwa.

Jina lenyewe, kwa Kireno, ni mtu asiyeshika sauti. Mwimbaji anamlalamikia mpenzi wake: ukisema naimba nje ya ufunguo, ujue unaniumiza. Mstari wa kwanza unapoishia, kwenye neno "amor", sauti inatua pasipotarajiwa. Wanakwaya wanaosoma do-re-mi watanielewa: sikio linasubiri la, linapewa la iliyoshushwa nusu sauti. Utani wote umo humo. Na kwa kuwa gitaa nalo limeibeba nota hiyohiyo, mwimbaji akiteleza kidogo tu, mzaha umeharibika. Ili uonekane hujui kuimba, lazima uimbe sawasawa kabisa! João Gilberto, mwimbaji na mpiga gitaa wa Brazili aliyeurekodi Novemba 1958, aliuweza: anaimba kama anayeongea na mtu aliyekaa ubavuni pake, sauti haitetemi, kidole gumba kinagonga besi taratibu kama ngoma kubwa ya samba.

Waliotunga ni Tom Jobim na Newton Mendonça, marafiki tangu utotoni, wote wapiga piano wa vilabu vya usiku vya Rio de Janeiro. Mara nyingi Mendonça hutajwa kama mwandishi wa maneno, basi. Mimi naona anapunjwa. Maneno na nota vimeshikana mno hapa. Siamini kwamba mmoja alileta tuni, mwenzake akaja kubandika mashairi. Mle ndani kuna hata kamera ya Rolleiflex: jamaa anampiga picha mpenzi wake, na ikisafishwa, kinachotokea ni utovu wake wa shukrani.

Februari 1962 Wamarekani Stan Getz na Charlie Byrd waliurekodi jijini Washington, saksafoni na gitaa, bila neno hata moja. Ukavuma kweli, na Getz akapata tuzo ya Grammy. Kumbe mzaha ulibaki Brazili. Kilichovuka ni ile nota tu, na ikapendwa hivyohivyo ilivyo. Mendonça hakuyaona hayo. Alifariki kwa maradhi ya moyo Novemba 1960, akiwa na miaka 33.