Moshi wa Jumamosi, kifua cha Jumatatu

Mama mmoja anayekaanga vitumbua alikuja kliniki mwezi Julai, pampu yake ya bluu ya kuvuta dawa mkononi, hasira usoni. "Dokta, hii dawa wameichakachua. Navuta hata mara kumi kwa siku na kifua hakifunguki."

Nikamuuliza wiki ile kulikuwa na nini. Hakuna, akasema, ni kipupwe tu na upepo wa alfajiri. Na kabla ya hapo? "Jumamosi jirani alichoma taka, plastiki na kila kitu. Lakini siku ile nilikuwa mzima kabisa. Nimebanwa Jumatatu."

Naomba tukae hapo kwenye "siku ile nilikuwa mzima", maana nalisikia karibu kila wiki.

Wengi tunauchukulia moshi kama pilipili ya kukaanga: unakupalia, unakohoa, ukitoka nje yameisha. Mwenye mapafu mazima mara nyingi huwa hivyo. Mwenye pumu, mwenye ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, au aliyeachiwa makovu na TB, mambo ni tofauti, kwa sababu ndani ya mirija yake tayari kuna uvimbe. (Neno hili linanitesa kazini. Nikisema "uvimbe", mgonjwa anasikia saratani. Namaanisha ule wa kidole kilichochomwa mwiba: kimekuwa chekundu, kimejaa, ukikigusa kidogo tu kinauma.)

Sasa moshi. Unaouona kwa macho siyo unaonitisha sana. Chembe mbaya zaidi zina kipenyo cha chini ya mikromita 2.5, yaani ungehitaji zaidi ya ishirini kuzipanga kwenye upana wa unywele mmoja. Pua haizizuii. Zinashuka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya hewa, na huko zinakutana na seli walaji, ambazo kazi yao ni kumeza uchafu. Seli inameza masizi, lakini masizi hayasagiki. Inaanza kutoa kemikali za kuomba msaada, seli nyingine za kinga zinamiminika kutoka kwenye damu, nazo zinamwaga vimeng'enya vinavyounguza hata kuta za mirija yenyewe. Kuta zinavimba, makohozi yanakuwa mazito. Shughuli yote hiyo inaweza kuchukua saa kadhaa, hata siku mbili tatu. Ndiyo maana Jumamosi alikuwa "mzima".

Kwenye mapafu mazima vurugu hiyo mara nyingi inatulia yenyewe. Kwenye mapafu yenye uvimbe sugu, seli hizo zilishajaa tangu zamani, na vinywele vidogo vinavyofagia makohozi kwenda juu vimeharibika, hivyo masizi yanakaa muda mrefu zaidi. Halafu kuna hesabu ya mrija wenyewe: kipenyo kikipungua kwa nusu, ukinzani wa hewa kupita unaongezeka mara kumi na sita, siyo mara mbili. Mwenye mirija mipana akivimba kidogo hata hajui. Ambaye mirija yake imeshabana, uvimbe uleule kidogo unamlaza hospitali.

London iliyaona haya Desemba 1952. Moshi wa makaa ya mawe ulitanda siku tano. Makadirio ya mwanzo yalitaja vifo vipatavyo 4,000. Watafiti wa baadaye wamesema huenda vilifika 12,000, kwa sababu watu waliendelea kufa kuliko kawaida kwa wiki nyingi baada ya anga kusafishika. Wengi walikuwa wazee na watu waliokuwa na vifua vibovu tangu awali.

Kwetu kundi linalosahaulika ni waliopona TB. Kikohozi kinarudi, makohozi yanapimwa, vijidudu hakuna, na bado wapo wanaoanzishiwa dozi ya TB upya. Vijidudu vimekwisha kweli. Kilichobaki ni mapafu yenye makovu yanayogombana na moshi wa kila siku.

Kuhusu maziwa: mafundi wa gereji na wapasua mbao wananiapia kwamba glasi moja jioni inasafisha kifua. Maziwa ni chakula kizuri, lakini yanakwenda tumboni. Na khanga puani inazuia vumbi la barabarani, chembe ndogo zinapita katikati ya nyuzi.

Yule mama sikumwongezea dozi ya ile pampu ya bluu. Pampu ya bluu inalegeza misuli ya mirija kwa saa chache, uvimbe haiugusi. Nilimwandikia ya steroidi, dawa inayotuliza uvimbe wenyewe, ya kuvuta kila siku hata akijisikia vizuri, na nikamwomba anunue daftari: ukurasa wa kushoto moshi, wa kulia kifua.

Alirudi Septemba. Safu ya jirani ilikuwa kama nilivyotegemea, taka leo, kubanwa keshokutwa. Ila kulikuwa na Jumanne moja mbaya kuliko zote, na kushoto kwake Jumapili haina kitu. Nikamwonyesha kwa kalamu.

"Jumapili hapakuwa na moshi, dokta. Nilishinda ndani napika maharage."

Kwa nini ndani?

"Nje upepo unakula mkaa."

Masaa mangapi? Matatu, akasema, na dirisha alikuwa amelifunga ili jiko lisipulizwe. Mkaa mwekundu hautoi moshi wa kuonekana, kwa hiyo hakuona cha kuandika. Alichukua kalamu yangu, akaandika "maharage" kwenye Jumapili ile, kisha akaanza kufunua kurasa za nyuma.