Wembe wa kukunja: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Wahenga waliposema mtoto akililia wembe apewe, walijua kitakachofuata. Nadhani methali hiyo imetuingia zaidi ya tunavyojua, maana mtu mzima anaposhika kwa mara ya kwanza wembe wa kukunja, ule mrefu unaolala ndani ya mpini wake, huushika akiwa tayari anaingoja damu. Mkono unakakamaa, pumzi inabanwa, na wembe unakandamizwa shavuni ili usiteleze. Hapo ndipo anapojikata. Ninanyoa kwa wembe huu, nimewaelekeza wengine kadhaa, na kila mara naona hofu hiyo imetokana na maneno waliyoyasikia kabla hawajaushika.

Wengi huamini kwamba hii ni kazi ya vinyozi peke yao. Lakini kabla King Camp Gillette hajaanza kuuza mashine yake ya viwembe vya kubadilisha mwaka 1903, wembe wa kukunja ulikuwa chombo cha kawaida cha kunyolea ndevu Ulaya na Marekani. Makarani, wakulima na mabaharia waliutumia wenyewe, na hawakuwa na vipaji vya ajabu. Walikuwa na wembe ulionolewa vizuri na mazoea ya kila siku.

"Anayeanza atumie wembe butu kidogo, ndio salama"

Hii ndiyo dhana ninayotamani ife kabla ya nyingine zote. Wembe mkali hukata unywele mara tu unapougusa. Wembe butu huuvuta kwanza, unywele ukainama, ngozi nayo ikavutwa, na anayenyoa akasikia maumivu. Hujibu kwa kukandamiza. Ngozi sasa inajikunja mbele ya makali kama wimbi dogo, na makali hayawezi kuliruka wimbi hilo, hulipasua.

Wembe ulio tayari hauhitaji nguvu yoyote zaidi ya uzito wake. Vidole vinauongoza njia, basi. Ukijikuta unausukuma, simama: ama makali yamekwisha, ama povu limekauka, ama pembe si sahihi. Pembe inayofaa ni kama nyuzi 30 kutoka kwenye ngozi, na hata pungufu kidogo. Ulaze wembe wote shavuni, kisha uinue mgongo wake taratibu mpaka usikie ndevu zikikatika kwa sauti laini ya kukwaruza. Ukiuinua kupita hapo, makali yanaanza kuparura ngozi badala ya kukata nywele, na shavu litawaka moto siku nzima.

Mikato mirefu inayowatisha watu haitokani na ukali. Hutokea wembe unapoburutwa kwa urefu wake, yaani kwa upande, kama kisu kinavyopita kwenye nyama. Makali yakisonga mbele tu, yakiwa yameikabili njia yake moja kwa moja, hukata ndevu. Yakiteleza kushoto au kulia hata kidogo, hukata ngozi. Mweleze hivyo anayeanza kabla hujamwambia jambo lingine lolote.

"Mpya kutoka kwenye boksi uko tayari"

Mara nyingi hauko. Viwanda vingi huutoa wembe ukiwa na makali ya kuanzia, yanayosubiri kumaliziwa kwenye jiwe laini. Mtu hununua, hunyoa, huumia, halafu hujilaumu mwenyewe. Ni bora wembe wa kwanza unolewe na mtu mwenye ujuzi wa kunoa nyembe hasa, ili ujue ukali wa kweli unahisi vipi usoni. Wembe wa zamani uliotunzwa unaweza kuushinda mpya wa bei ya kutupa ambao chuma chake ni laini na hakishiki makali. Angalia tu kama una ufa, kama umepinda, na kama kutu imekula vishimo karibu na makali. Upana wa 5/8 au 6/8 ya inchi unamfaa anayeanza, na ncha iwe ya mviringo, kwa sababu ncha yenye kona hutoboa sikio na pua ambako jicho halifiki.

"Kuupitisha kwenye ukanda ndiko kuunoa"

Lugha yetu inachangia hapa, kwa kuwa tunasema "kunoa" kwa mambo mawili tofauti. Jiwe huondoa chuma na kujenga makali. Ukanda wa ngozi hauondoi chuma cha maana. Huyanyoosha na kuyasafisha makali yaliyopo. Ukanda ni wa kila unaponyoa. Jiwe huhitajika baada ya wiki nyingi, au miezi, ikitegemea ndevu zako na jinsi unavyoutumia huo ukanda.

Kwenye ukanda, mgongo wa wembe hutangulia na makali hufuata, kwenda na kurudi mara 40 hadi 60, bila kukandamiza. Ukifika mwisho, geuza wembe kwa kuuzungusha juu ya mgongo wake. Ukiugeuza juu ya makali, umeukata ukanda na umeyakunja makali kwa pamoja. Anza polepole kabisa. Kasi itakuja yenyewe. Kwenye jiwe, mgongo na makali vyote vinagusa, kwa sababu unene wa mgongo ndio unaopima pembe. Kazi ya kuunda makali huanzia kwenye jiwe la namba 1000 na kumalizikia 8000, 12000 au zaidi; namba ikipanda, jiwe ni laini zaidi. Kile kinoleo cha jikoni cha kuvutia kisu katikati ya vyuma viwili kitauharibu wembe kwa mvuto mmoja.

Wapo wasioelewa kwa nini chuma kichakae kwa kukata kitu laini kama unywele. Swali ni la haki, na mwaka 2020 watafiti wa MIT, chuo cha teknolojia cha Massachusetts huko Marekani, walilijibu katika jarida la Science. Walichunguza viwembe vya kawaida vya kutupa chini ya hadubini ya elektroni. Unywele ni laini kuliko chuma hicho takriban mara 50, lakini waliona kwamba unapoinama na kuyakuta makali mahali ambapo muundo wa chuma haulingani, humegua kipande kidogo mno. Vipande hivyo vikiongezeka, wembe unakuwa butu.

"Maji ya moto hufungua matundu ya ngozi"

Matundu hayo hayana misuli ya kuyafungua wala kuyafunga. Anayebadilika ni unywele: hunyonya maji, huvimba, hulainika na kukatika kwa nguvu ndogo. Uloweshe uso dakika 2 au 3, upake povu zito lenye maji ya kutosha, na uliongeze linapoanza kukauka. Joto huharakisha tu kazi ya maji. Na ile ya kwamba ndevu zikinyolewa hurudi nene zaidi ilichunguzwa na Mildred Trotter, mtaalamu wa anatomia wa Marekani, zamani, mwaka 1928, naye hakuona badiliko lolote. Unywele uliokatwa hauna tena ncha yake nyembamba ya asili, ndiyo maana unachoma kiganja.

"Wembe huu huponya vipele vya ndevu"

Hapa ukweli una pande mbili, nami nawaomba wenye ndevu za kipilipili wasome polepole. Unywele uliojikunja ukikatwa hubaki na ncha kali, na unapoota huweza kupinda na kuingia tena ngozini. Mwili huupinga kama kitu kigeni, kipele kikatokea. Mashine yenye viwembe kadhaa huuvuta unywele kabla ya kuukata, hivyo ncha hurudi chini ya ngozi na kuanza safari mbaya kutokea huko. Wembe mmoja huukata usawa wa ngozi, na wengi hupata nafuu kwa sababu hiyo.

Lakini ukiivuta ngozi kwa nguvu na kunyoa kinyume na ndevu zinavyolala, utakata chini ya ngozi vilevile. Na wembe wa kukunja hauwezi kutumika kwenye ngozi iliyolegea, utakukata. Kwa hiyo ivute kiasi cha kutojikunja tu, fuata ndevu zinavyolala, pita mara moja, kubali kubaki na ukwaru kidogo. Ili kujua zinavyolala, ziache siku 2 kisha zipapase: upande usiokwaruza ndio. Shingoni huenda zikalala kuelekea juu au pembeni. Vipele vikishatunga usaha au kuacha makovu, acha kunyoa kabisa kwanza, umwone daktari wa ngozi.

Wengine hudhani wembe wa kinyozi, ule unaopachikwa kiwembe cha kutupa, ni njia rahisi ya kujifunzia. Umbo linafanana, lakini ni mwepesi na makali yake hayasamehe kosa dogo la pembe. Faida yake kubwa ni usafi, kwa kuwa kila mteja hupata kiwembe kipya. Wembe wako wa kukunja haushirikiwi na mtu, hata ndugu wa tumbo moja. Virusi vya homa ya ini B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, na havihitaji damu inayoonekana kwa macho.

Usinyoe uso mzima siku ya kwanza. Nyoa mashavu tu kwa wiki moja au mbili, na pengine malizia kwa mashine uliyoizoea. Kisha chini ya taya na shingoni. Kidevu na juu ya mdomo ndiyo sehemu za mwisho, kwa sababu ngozi hapo hupindapinda na ndevu ni ngumu. Ukijichana kidogo, osha kwa maji baridi na pitisha shabu iliyoloweshwa, damu itakata. Ukimaliza, ukaushe wembe mpaka kwenye kiungio cha mpini, hasa kama chuma chake ni cha kushika kutu.

Na ukikuponyoka mkononi, rudisha miguu nyuma, uuache uanguke. Watu huudaka kwa kuhurumia makali yake. Makali yaliyomeguka hurudishwa na jiwe. Mshipa wa kidole hauna jiwe la kuurudisha.