Riolaiti za Kale: Yasome Haya Kabla ya Kuleta Sampuli Maabara

Zimekuwa nyingi sampuli zinazofika maabara zikiwa zimeandikwa "riolaiti", yaani mwamba wa volkano wenye silika (oksidi ya silikoni) nyingi, kwa sababu tu jiwe ni jeupe au la waridi, au kwa kuwa kipimo cha awali kilionyesha silika asilimia 74. Nia ni njema. Ila kwa mwamba wa volkano uliokaa ardhini miaka bilioni moja na zaidi, hayo hayatoshi.

Kwanza, tuanze na jinsi riolaiti inavyotokea: chemba ya magma, yaani mwamba ulioyeyuka, si ziwa la moto linalotokota chini ya mlima. Tumelisema hili mara nyingi. Kwa muda mrefu wa uhai wake, sehemu kubwa ya chemba ni tope zito la fuwele, na kiowevu kimejipenyeza kati ya punje. Basalti, magma yenye silika kidogo, huingia kutoka chini ikiwa na joto la nyuzi 1,100 hadi 1,200 za Selsiasi na silika takribani asilimia 50. Ikipoa, madini ya olivini, pairoksini na plajioklesi (aina ya feldispa) hutangulia kuganda, baadaye oksidi za chuma na titaniamu. Kwa jumla madini hayo huchukua silika kidogo, hivyo kiowevu kinachosalia huzidi kuwa nayo. Kufikia riolaiti kwa njia hii peke yake, karibu asilimia 90 ya basalti sharti igande kwanza. Mara nyingi basi kuna chanzo cha pili: joto la basalti huyeyusha miamba ya ganda la dunia iliyo jirani, na viowevu viwili huchanganyika. Fuwele zikifika kama nusu ya ujazo, tope haliwezi tena kutiririka. Kiowevu hukamuliwa, hupanda na kukusanyika juu kikiwa na nyuzi 700 hadi 850.

Plajioklesi iliyobaki chini hushikilia elementi za strontiamu na europiamu, na kiowevu kilichopanda huzipungukiwa. Pengo hilo la europiamu husomeka hata leo katika riolaiti za Gawler, Australia, zenye umri wa miaka bilioni 1.59.

Baada ya mlipuko, kioo cha volkano hakidumu. Hugeuka kuwa punje ndogo mno za kwatzi na feldispa. Maji ya moto hupita, huchukua sodiamu, huacha potasiamu, na pengine hupandikiza silika. Andesaiti, mwamba wa volkano wenye silika kiasi cha kati, ikilishwa silika namna hiyo huonekana riolaiti kabisa kwenye matokeo ya vipimo. Kwa hiyo tunategemea elementi zisizohama kirahisi: zirkoniamu, titaniamu, niobiamu na itriamu.

Utaratibu wenyewe ni huu. Gonga mpaka uondoe ganda lililooza, uchukue kilo 2 za mwamba mzima usio na mishipa ya kwatzi. Andika namba kwenye mfuko na kwenye karatasi iliyo ndani ya mfuko, pamoja na viwianishi. Usiisage nyumbani: kinu cha kabidi ya tangsteni huacha tangsteni na kobalti, na kile cha akiki huongeza silika. Asiyetimiza haya atarudishiwa sampuli na kuanza foleni upya. Hatuna njia ya kusafisha unga uliokwisha kuchafuka. Kwenye fomu, chagua uyeyushaji kwa borati ya lithiamu. Ukichagua asidi kwa kuwa ni nafuu, zirkoni, madini yanayobeba zirkoniamu, hubaki bila kuyeyuka na zirkoniamu yako itasomeka chini ya ilivyo, halafu lawama ziwe zetu.

Kuhusu umri, tunapima urani na risasi ndani ya zirkoni. Punje moja yaweza kuwa na kiini kilichorithiwa kutoka ganda la dunia lililoyeyuka na ukingo uliokua ndani ya chemba. Kuiyeyusha nzima hutoa umri wa katikati usio wa tukio lolote. Ndiyo sababu tunapiga picha ya kila punje kwanza, kisha leza hulenga doa la mikroni 30 hivi kwenye ukingo. Na usituombe tutenganishe milipuko miwili iliyopishana miaka 100,000: kwa mwamba wa miaka bilioni 1.5, kosa la asilimia 1 tu ni miaka milioni 15.