Aina ya haiba: unapojipima, kinachopimwa ni nini?

Katika semina za wachumba, vikao vya vijana makanisani na makundi ya WhatsApp, majina manne yameshazoeleka: sangwini, koleriki, melankoli na flegmatiki. Sangwini ndiye msemaji wa shughuli. Koleriki hushika usukani hata asipoombwa. Melankoli hupanga kila kitu na kuumia kisipokwenda alivyopanga, na flegmatiki hana neno na mtu. Vijana wa mitandaoni wamehamia kwenye herufi nne, INFJ au ESTP, na wengine huziandika juu kabisa kwenye ukurasa wao kabla hata ya kutaja kazi wanayofanya. Majina hayo na herufi hizo hupatikana kwa njia ileile: unajibu maswali kukuhusu wewe mwenyewe, alama zinajumlishwa, unapewa aina yako.

Haiba, wanavyoielewa wanasaikolojia, ni mwelekeo wa mtu katika kufikiri, kuhisi na kutenda, ule unaojirudia mahali pengi na kwa muda mrefu. Aliyefoka leo kwa sababu daladala imempita hajatuonyesha haiba yake. Anayefoka kituoni, ofisini na mezani kwake, mwaka huu na miaka mitano iliyopita, huyo ametuonyesha. Aina ya haiba inadai zaidi ya hapo: kwamba watu wamegawanyika katika mafungu, na kila mmoja wetu ana fungu lake. Ubishi wote unaanzia kwenye dai hilo.

Mafungu manne, yale ya sangwini na wenzake, ni ya kale. Waganga wa Kigiriki, wafuasi wa Hippocrates na baadaye Galen katika karne ya 2, waliamini kwamba mwili unaendeshwa na majimaji manne: damu, nyongo ya manjano, nyongo nyeusi na kohozi. Likizidi moja, mtu anaugua, na hulka yake inafuata mkondo huo. Ibn Sina aliyaingiza mafundisho hayo katika vitabu vyake vya tiba, na kwa njia hiyo yakasambaa mbali, hata kwenye tiba ya vitabu ya pwani yetu ambako balghamu, yaani lile kohozi, bado hulaumiwa kwa mengi. Hospitali ziliyaacha majimaji hayo zamani. Majina ya tabia yakabaki peke yake, bila kilichoyazaa.

Kumpima mtu kwa dodoso ni jambo la juzi tu. Marekani ilipoingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia, mwanasaikolojia Robert Woodworth alitayarisha orodha ndefu ya maswali ya ndiyo na hapana ili kuwatambua mapema askari ambao akili zao zingeelemewa na mizinga. Maswali yalihusu usingizi, hofu, afya. Vita viliisha kabla orodha haijatumika sana, lakini mtindo ukashika: badala ya kumchunguza mtu, muulize mwenyewe.

Zile herufi nne nazo zilitokana na mama na binti yake, Katharine Briggs na Isabel Briggs Myers, wote Wamarekani. Walisoma kazi ya mwaka 1921 ya Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, kuhusu aina za watu, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wanawake wengi walipokuwa wakiingia viwandani kwa mara ya kwanza, Isabel akaanza kutunga dodoso la kumsaidia mtu kujua kazi inayomfaa. Hakuwa amesomea saikolojia. Dodoso lake, MBTI, linauliza mambo manne: nguvu zako unazipata kwa watu au ukiwa peke yako, unategemea unachokiona au unachokihisi kwa mbali, unaamua kwa hoja au kwa kuangalia nani ataumia, unapenda mambo yaliyopangwa au ya papo kwa papo. Kila jambo lina pande mbili, na kila upande una herufi yake: mbili mara mbili mara mbili mara mbili, unapata aina 16.

Tatizo liko kwenye kukata. Chukua watu wote wa kijiji kimoja, wapange kwa urefu, halafu chora mstari katikati na utangaze kwamba wa upande huu ni warefu na wa upande ule ni wafupi. Hutakuwa umesema uongo kuhusu wale wa mwisho kabisa pande zote mbili. Lakini wengi wamesongamana karibu na mstari, na majirani wawili waliopishana kwa upana wa kidole sasa wanaitwa vitu viwili tofauti. Uchangamfu uko hivyohivyo. Watu wanaotaka kelele muda wote ni wachache, na wasiotaka kabisa ni wachache; umma mzima uko katikati. Ndiyo maana mtu anajibu MBTI leo, anarudia baada ya wiki chache, na herufi moja imebadilika. Mapitio ya utafiti yameonyesha kwamba jambo hili huwapata watu wengi, kiasi cha kufika nusu ya waliopimwa katika baadhi ya tafiti. Hawakubadilika wao. Walikuwa karibu na mstari, wakasogea kidogo.

Mbona basi maelezo ya aina yetu hutugusa kiasi kile? Mwaka 1948 mwalimu wa saikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 dodoso la haiba, kisha baadaye akamkabidhi kila mmoja karatasi ya majibu yake binafsi. Aliwataka waipe alama kutoka 0 hadi 5 kwa usahihi. Wastani ukawa 4.26. Karatasi zote zilikuwa na maneno yaleyale, na mengi aliyatoa kwenye kitabu cha nyota kilichouzwa barabarani. Yalikuwa maneno ya namna hii: unapenda kukubaliwa na watu ilhali unajilaumu mno; una uwezo ambao hujautumia; kwa nje umetulia, kwa ndani una mashaka. Nani atakataa? Ukisoma ukurasa wa aina yako, jaribu kusoma na ule wa aina iliyo kinyume. Ukijiona kwenye kurasa zote mbili, hakuna ulichoambiwa.

Watafiti wa leo wengi hawatumii aina. Wanatumia sifa, na zinazotumika zaidi ni zile ziitwazo Sifa Tano Kuu. Kila sifa ni kipimo kirefu chenye kiwango chako juu yake, na mtu habandikwi jina. Ya kwanza ni uwazi kwa mambo mapya, ya pili uwajibikaji, ya tatu uchangamfu, ya nne upole kwa wengine, ya tano wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Hazikutungwa mezani. Mwaka 1936 wanasaikolojia Gordon Allport na Henry Odbert waliipekua kamusi ya Kiingereza na kutoa maneno karibu 18,000 yanayoweza kumweleza mtu, na waliowafuata wakawa wanaangalia maneno gani hutembea pamoja, hadi makundi matano yakawa yanajitokeza tena na tena. Uwajibikaji umeonekana kuhusiana na utendaji mzuri katika kazi za aina nyingi. Tafiti za mapacha nazo zinaonyesha kuwa karibu nusu ya tofauti kati ya watu katika sifa hizi inahusiana na kurithi.

Ila kamusi iliyopekuliwa ilikuwa ya Kiingereza. Mwaka 2014 watafiti walilinganisha maneno ya tabia katika lugha tisa, Kimaasai ikiwamo, na yaliyosimama kotekote hayakuwa matano. Yalikuwa mawili: kujizuia na kuishi vyema na wenzako, na nguvu ya kujitokeza mbele za watu. Ningependa kusoma kazi kubwa kama hiyo kwa Kiswahili. Mwenye kisirani angeangukia wapi? Mwenye staha je, ni mpole, ni mwajibikaji, au ni kitu cha tatu?

Tofauti hii inamgusa yeyote kati yetu anayefungua dodoso la Kiingereza kwenye simu. Unaulizwa kama unapenda mikusanyiko ya watu. Kwa aliyetunga swali, mkusanyiko ni sherehe ya Jumamosi ambayo mtu huenda akitaka. Kwetu, harusi ya binamu na msiba wa jirani haviendi kwa kupenda. Unakwenda, unachanga, unakaa jamvini. Mtu mkimya kabisa anaweza kuhudhuria shughuli tatu kwa mwezi na kujibu kwamba ni mtu wa mikusanyiko. Halafu kuna kulinganisha. Ukijiita mvivu, ni mvivu kuliko nani? Aliyekulia na mama anayeamka saa kumi alfajiri kukaanga maandazi hujiona mlegevu hata akiwa mchapakazi kuliko ofisi nzima. Na kuna adabu ya kukubali. Watafiti waliojaribu vipimo hivi kwa wakulima wa magharibi mwa Kenya walikuta jambo linaloonekana pia katika nchi nyingine nyingi zisizo tajiri: watu huwa na mwelekeo wa kukubali kila wanachosomewa, hata sentensi mbili zinazopingana, na alama zinavurugika.

Kwa hiyo dodoso linapima haiba kupitia macho yako mwenyewe, na macho hayo huona vizuri baadhi ya mambo tu. Mwaka 2010 mwanasaikolojia Simine Vazire alilinganisha watu walivyojieleza, marafiki zao walivyowaeleza, na walivyotenda hasa walipopimwa. Kwa yaliyofichika, kama wasiwasi, mtu mwenyewe ndiye aliyejua zaidi. Kwa yale yenye sifa nzuri au aibu ndani yake, kama akili na ubunifu, marafiki walikuwa karibu zaidi na ukweli. Nani asingetaka kujiita mbunifu?

Ukitaka kujipima, chagua kipimo cha sifa badala ya cha aina. Hazina ya kimataifa ya maswali ya haiba, IPIP, iko wazi kwa yeyote bila malipo, na toleo lake la maswali 120 ni refu vya kutosha. Kipimo cha maswali kumi kinakupa picha ya haraka tu. Jibu kwa kukumbuka ulichofanya miezi ya karibuni, usijibu kwa unavyotamani kuwa. Usijibu siku uliyogombana na mtu, wala siku unayojiandaa kwa usaili wa kazi. Mwajiri akikutaka ulete herufi zako nne ndipo akuajiri, ujue kwamba hata kampuni inayomiliki MBTI inasema isitumike kuchuja waombaji. Alama zako nazo si za kudumu: tafiti zilizowafuatilia watu kwa miaka mingi zinaonyesha kwamba, kwa wastani, kadiri utu uzima unavyoendelea uwajibikaji hupanda na wasiwasi hupungua.

Kisha mpe maswali yaleyale mtu anayeishi nawe, dada yako au mke wako, ayajibu kukuhusu. Mahali mlipokubaliana pana uzito. Mlipopishana kwa mbali, usianze kubishana naye kuhusu alama. Mwombe akutajie siku na tukio lililomfanya akupe alama hiyo.